Siku za kitanda baada ya upasuaji wa shingo huamuliwa kabla ya kisu

Shingo iliyofunguliwa kwa mbele kwa ajili ya diski moja, ikawekewa kipande cha mfupa, bamba moja na skrubu nne, haimdai mgonjwa kitanda kwa muda mrefu. Jioni ileile anakaa, kesho yake anatembea wodini, na siku ya pili au ya tatu, kama anameza na anakojoa mwenyewe, hana la kusubiri. Aliyefunguliwa kwa nyuma, misuli ikabanduliwa kuanzia pingili ya tatu hadi ya saba ili ugwe wa mgongo, ule uti laini wa neva ulio ndani ya pingili, upate nafasi, anahitaji siku nne, tano, wakati mwingine wiki nzima. Anapofikisha wiki tatu, au anapotoka leo na kurudishwa Alhamisi ijayo akiwa na homa, watu huuliza ni nini kilichoharibika kwenye bloku, chumba cha upasuaji. Mara nyingi jibu haliko huko. Jambo lililomshika kitandani lilikuwa linaonekana wiki nne kabla, siku alipokaa mbele ya munganga, yaani daktari, na picha zake mkononi, na hakuna aliyeliandika.

Mambo yanayorefusha siku za kitanda baada ya upasuaji huu yamechunguzwa sana Marekani, Ulaya na Asia, na majibu yanafanana: umri mkubwa, kisukari, upungufu wa damu, protini ndogo mwilini, mapafu au figo zenye ugonjwa, sigara, pingili nyingi kushughulikiwa kwa mkupuo mmoja, njia ya nyuma, saa nyingi mezani, ugwe uliobanwa vikali, na mgonjwa ambaye hata kabla ya upasuaji hakuweza kujivisha wala kujilisha. Ukibandika orodha hiyo ukutani haitakusaidia kitu, kwa sababu mambo hayo hayana uzito sawa na mengine ni dalili tu ya jambo lililo nyuma yake. Chukua umri. Mzee wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, wa miaka 72 anayelima bustani yake na kupanda ngazi bila kupumzika atatoka hospitalini mapema kuliko mtu wa miaka 50 mwenye sukari isiyotibiwa na damu ya gramu 8 za hemoglobini kwa desilita. Kinachomchelewesha mzee ni udhaifu, na udhaifu unapimika bila mashine yoyote. Je, anainuka kitini bila kujishika? Akitembea mita 4 kwa mwendo wake wa kawaida, anatumia zaidi ya sekunde 5? Nguo zake za mwaka jana zinampwaya? Maswali hayo matatu yanachukua dakika mbili, na yanamwambia munganga mengi kuliko tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye kadi.

Njia ya nyuma nayo inasingiziwa kidogo. Tafiti karibu zote zinaonyesha kwamba waliopasuliwa kwa nyuma hukaa zaidi na hurudi zaidi kuliko waliopasuliwa kwa mbele. Lakini nani anapelekwa nyuma? Ni yule mwenye ugwe uliobanwa sehemu nne au tano, ambaye kwa kawaida ni mzee zaidi na alishaanza kuyumba. Ulinganisho hauko sawa tangu mwanzo. Hata hivyo kisu chenyewe kina sehemu yake: misuli ya kisogo ikibanduliwa inauma vibaya, inatoka damu, na inaacha nafasi chini ya ngozi ambamo maji ya jeraha hukusanyika. Kidonda kiko mahali pa jasho, na mgonjwa anakilalia. Kwa hiyo usaha baada ya upasuaji wa shingo ni shida ya nyuma zaidi kuliko ya mbele. Mbele kuna hatari zake: pumzi, sauti na kumeza. Familia inapoambiwa tu “tutapasua shingo”, haijaambiwa ijitayarishe kwa lipi.

Kubanwa kwa ugwe ndiko ninakokupa uzito wa kwanza, juu ya umri na juu ya njia. Kuna kipimo cha alama 18 kinachoangalia mikono, miguu, ganzi na mkojo: alama 15 hadi 17 ni hali nyepesi, 12 hadi 14 ya kati, 11 kushuka chini ni kali. Asiyekuwa na karatasi ya kipimo hicho ana shati la mgonjwa mwenyewe. “Papa, funga vifungo.” Ukiona vidole vinatafuta tundu na kulikosa, kidole gumba kinasukuma kifungo pembeni, kisha mkono wa pili unakuja kusaidia na yote miwili inashindwa, usiendelee kuzungumza habari ya baridi yabisi. Mwambie sasa afunge ngumi na kuifungua kabisa, haraka awezavyo, kwa sekunde 10. Mtu mzima mwenye ugwe mzima hufikisha mara 20 au zaidi. Anayefika 12, vidole vikibaki vimekunjika nusu kila anapojaribu kufungua, amechelewa. Huyo ndiye ambaye baada ya upasuaji atahitaji kufundishwa upya kushika kijiko, kusimama, kukojoa. Siku zake za kitanda zitakuwa nyingi hata upasuaji ukienda vizuri kabisa, na familia inapaswa kulijua hilo mapema ili isidhani ameharibiwa.

Wengi hufika katika hali hiyo baada ya miezi ya kupakwa mafuta na kukandwa. Kukanda mabega hakumdhuru mtu. Kumzungushia shingo kwa nguvu mpaka ilie, wakati ugwe umebanwa, kunaweza kumlaza chini siku hiyohiyo.

Tuje kwenye damu, kwa sababu hapa ndipo wiki nne za kungoja zinapoweza kununua wiki mbili za kitanda. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mwanamume mwenye chini ya gramu 13 za hemoglobini kwa desilita ana upungufu wa damu, na mwanamke asiye mjamzito chini ya 12. Katika nchi ya malaria, minyoo na hedhi nzito zinazotokana na uvimbe wa kizazi, mgonjwa wa gramu 9 anaonekana wa kawaida kabisa: anatembea, anafanya kazi, halalamiki. Mezani akipoteza nusu lita ya damu anashuka mahali pabaya. Hapo ndugu wanakimbizana kutafuta mtu wa kutoa damu, siku ya kwanza ya kutembea inakuwa ya tatu, na mapafu yanalala naye. Kidonge cha chuma chenye miligramu 60 na asidi foliki hakina bei ya kutisha, na mwili unaokipokea unaweza kupandisha gramu 1 hadi 2 ndani ya mwezi. Shingo inayobana polepole kwa mwaka mzima inaweza kuusubiri mwezi huo. Inayozorota wiki hadi wiki haiwezi, na hapo damu itafutwe kabla ya tarehe, isisubiri mgonjwa awe tayari amelazwa mezani.

Sukari ina mtego wake kwetu. Kipimo kinachotumiwa kutabiri matatizo ni kile cha wastani wa miezi mitatu, kinachosoma sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu. Hospitali nyingi za nje huahirisha upasuaji usio wa haraka kikizidi asilimia 7.5 au 8. Chembe hizo kwa kawaida huishi siku 120. Kwa mwenye drepanositozi (selimundu), ambao Congo tunao wengi, zinakufa mapema mno, na kipimo kinatoa nambari nzuri ya uongo. Kwa huyo, na kwa aliyeongezewa damu karibuni, pima sukari ya asubuhi kabla ya kula kwa siku kadhaa na uamini daftari hilo. Jambo jingine husahaulika: munganga wa anestezia akimpa miligramu 8 za deksametasoni ili kupunguza kutapika na uvimbe, sukari hupanda mpaka kesho yake. Asipopimwa usiku huo, anakutwa asubuhi na sukari ya 300, amelegea, amekauka kinywa, na kila mtu anatafuta kosa shingoni. Lengo linaloeleweka ni kubaki chini ya miligramu 180 kwa desilita.

Sigara: wiki nne bila moshi kabla, na miezi mitatu baada, kwa sababu nikotini inazuia mifupa kushikana. Moshi wa mbabula, jiko la mkaa, kwenye chumba kilichofungwa asubuhi za Juni na Julai uhesabiwe pia, maana kikohozi kinamtesa mtu aliyeshonwa shingo.

Kuna kundi ambalo orodha za ng'ambo hazilijui vya kutosha: walioumia. Mchimbaji aliyeangukiwa na udongo shimoni, abiria wa gari lililopinduka kati ya Likasi na Kolwezi, kijana wa teksi-moto, pikipiki ya abiria. Kwa hawa, kuhesabu siku kuanzia upasuaji ni kujidanganya. Saa inaanza siku ya kulazwa. Ugwe ulioumia unastahili kupewa nafasi ndani ya saa 24 inapowezekana, lakini pale ambapo bamba na skrubu havipo stoo na vinaagizwa baada ya familia kuchanga, mgonjwa anaweza kuvutwa kichwa kwa mizigo siku nyingi akiwa chali. Kipimo cha kuanzia huwa karibu kilo 4 au 5 kwa ajili ya kichwa, na kilo 2 na nusu kwa kila pingili kushuka mpaka ilipo jeraha, zikiongezwa polepole huku miguu na mikono ikichunguzwa kila mara. Kuvuta kwenyewe kunaweza kwenda sawa huku mwili ukiharibika chini yake. Ngozi ya juu ya makalio, isiyohisi kitu, huanza kufa kwa saa chache. Mapafu hayajitanui, kwa sababu amri ya ubongo haifiki tena kwenye misuli ya mbavu na mgonjwa anapumua kwa kiwambo cha tumbo peke yake.

Anayemwokoa hapo ni gadimaladi, yule ndugu anayelala chini ya kitanda na kufanya kazi ambayo kwingine hufanywa na wauguzi watatu. Ageuzwe kila saa mbili, usiku pia. Mmoja ashike kichwa tu na ndiye atoe amri, wawili au watatu wageuze mabega, kiuno na miguu kwa pamoja kama gogo moja. Kila saa ya mchana avute pumzi ndefu kumi. Kama kifua kimejaa, mikono miwili iwekwe chini ya mbavu na isukume kwenda juu anapojaribu kukohoa. Haya hufundishwa kwa nusu saa, siku ya kwanza, kwa mtu mwenye jina, naye ayafanye mbele ya muuguzi. Kidonda cha mgandamizo kikishafika mfupani, mgonjwa wa wiki mbili anakuwa mgonjwa wa miezi minne, na hakuna bamba litakalobadilisha hilo.

Usiku wa kwanza baada ya upasuaji wa mbele una hatari moja inayoua kabla ya asubuhi. Damu ikijikusanya ndani ya shingo, inasukuma njia ya hewa. Inatokea mara chache, pungufu ya mgonjwa mmoja kati ya mia katika hesabu nyingi, na mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo. Haianzi kwa kishindo. Mgonjwa anakataa kulala, anataka kukaa. Anavuta kola ya nguo. Sauti inabadilika, anameza mate kwa shida, shingo inaonekana nene upande mmoja. Kiwango cha oksijeni kinaweza kuwa bado kizuri, na hapo ndipo muuguzi anapotulizwa na nambari. Ikifikia kupumua kwa mlio, nyuzi hukatwa palepale kitandani, ngozi na tabaka la chini yake, damu itoke, kisha ndio mbio za bloku. Mkasi safi ukae kando ya kitanda usiku huo, ubandikwe kwa plasta kwenye meza mahali unapoonekana. Kama hospitali haina mtu wa kumtazama kila saa usiku wa kwanza, isimpeleke mgonjwa huyo wodi ya mwisho ya ujia.

Nimefika kwenye kumeza, na hapa nitakaa, kwa kuwa ndiyo sababu ya kurudi inayodharauliwa kuliko zote.

Ili kuifikia pingili kwa mbele, mpasuaji husogeza koromeo na umio pembeni na kuvishikilia kwa vyuma saa moja au mbili. Vinavimba. Uvimbe huo haufikii kilele siku ya upasuaji, unafikia kati ya siku ya pili na ya nne. Angalia maana yake: mgonjwa anapimwa kesho yake asubuhi, anakunywa chai, anaandikiwa kutoka, na anaanza kushindwa kumeza akiwa tayari yuko nyumbani, mtaani Katuba. Huko sufuria ya kwanza ya kumkaribisha ni bukari (ugali) na sombe (majani ya mihogo). Bukari ni kinyume cha kila kitu anachohitaji koo lililovimba. Tonge ni zito, linanata, halilainiki kwa mate, na linataka msukumo mmoja wa nguvu. Linakwama, anakohoa, mchuzi unaingia njia ya hewa. Baada ya siku nne ana homa na maumivu ya kifua, anarudishwa, na kwenye daftari inaandikwa nimonia bila neno lolote la shingo. Au haingii kitu mapafuni, ila kwa woga anaacha kula na kunywa. Anarudi amekauka, mkojo mweusi, protini imeshuka, kidonda hakifungi.

Kipimo kinachotosha ni mililita 90 za maji. Anza na vijiko vitatu vya chai, kimoja kimoja, mgonjwa akiwa amekaa wima. Akivimeza bila kukohoa, apewe kikombe anywe chote bila kukatiza. Akikohoa, akisita katikati, au sauti yake ikawa ya majimaji baadaye kama mtu anayezungumza na mate kooni, amefeli na haendi nyumbani siku hiyo. Kipimo kirudiwe siku ya tatu, na kwa aliyekwisha kutoka, kwa simu: gadimaladi anamnywesha na anasema alichosikia. Kwa wiki mbili za kwanza ale uji mzito kiasi, wenye unga wa karanga au soya, viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa, yai lililovurugwa laini, maharage yaliyochujwa. Maji matupu ndiyo yanayoteleza kwenda njia mbaya kuliko vyote, kwa hiyo anywe funda dogo, kidevu kikiwa kimeinama kidogo. Vidonge vikubwa visagwe, isipokuwa vile ambavyo munganga amesema visisagwe. Alale kichwa kikiwa juu kwa digrii 30. Wengi huboreka ndani ya wiki chache, na wachache hufika miezi mitatu. Ambaye anazidi kuwa mbaya baada ya siku ya tano, badala ya kupata nafuu, au anayepata homa pamoja na maumivu ya kumeza, arudi mara moja: inawezekana umio umetoboka, na kila saa ina uzito.

Waliopasuliwa pingili tatu au zaidi kwa mbele, wazee, na wale wanaopasuliwa shingo kwa mara ya pili, ndio wanaofungwa koo zaidi. Hilo linajulikana siku ya kupanga tarehe. Mama wa nyumba angeambiwa siku hiyo kwamba hakutakuwa na bukari kwa wiki mbili, angeshatafuta soya.

Mkojo ni hadithi fupi lakini inakula siku nyingi. Sonda, mpira wa kutolea mkojo, itolewe asubuhi ya kesho yake. Ikibaki siku tano “kwa ajili ya usafi”, inaleta homa, na homa inaleta siku nyingine tano. Baada ya kuitoa, saa 6 zisipite bila kukojoa. Papa mwenye tezi kubwa na aliyepewa dawa kali za maumivu ndiye wa kwanza kushindwa. Kwa aliyeumia ugwe, kutoa mkojo kwa mpira safi kila saa 4 hadi 6, kibofu kisizidi mililita 500, ni bora kuliko sonda ya kudumu. Ndugu anaweza kujifunza kabla ya kutoka.

Sasa antibayotiki. Kinachokinga jeraha ni gramu 2 za sefazolini zinazoingia mshipani ndani ya saa moja kabla ya ngozi kukatwa, na nyingine upasuaji ukipita saa 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unasema kinga hiyo isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha. Bado kuna wodi ambazo mgonjwa asiye na homa wala usaha anabaki na sindano ya seftriaksoni siku 7 au 10, na kwa kuwa sindano iko mshipani, hawezi kutoka. Anakaa kwa ajili ya dawa isiyomkinga, akilalia godoro la mgonjwa aliyetoka na usaha, huku faktire, bili ya hospitali, ikipanda kila siku. Katika yote niliyoyataja, hili ndilo lingepunguza siku kesho asubuhi bila gharama hata ya faranga moja.

Wapo wanaorudi kwa woga tu, kwa sababu hawakuambiwa. Kati ya mia wanaopasuliwa ili ugwe wa shingoni upate nafasi, karibu watano, wengi wao waliopasuliwa kwa nyuma, hushindwa kuinua mkono mmoja begani. Hali hii huja siku chache baada ya upasuaji uliokwenda vizuri. Ni neva ya tano ya shingo, inayohudumia msuli wa bega, na wengi hupona kwa miezi. Mgonjwa aliyeambiwa kabla atapiga simu, aje apimwe, apewe mazoezi na kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Asiyeambiwa atakimbizwa usiku kwa gari la kukodi, na familia itaapa kwamba neva imekatwa.

Lakini mtu anaweza kupita yote haya salama, akala, akakojoa, akatembea, na bado siku ya 12 yumo wodini. Hana ugonjwa, ana deni. Mgonjwa kuzuiwa mpaka faktire ilipwe ni jambo linalojulikana katika miji yetu yote, na kila siku ya kuzuiwa inaongeza deni lenyewe. Mfanyakazi wa kampuni kubwa ya madini, ambaye mwajiri analipa, na mchimbaji wa mkono ambaye hana mwajiri, wakipasuliwa siku moja na mkono mmoja, watakuwa na siku tofauti za kitanda, na tofauti hiyo haiko kwenye pingili zao. Ninaona ni kosa la hesabu na la utu pia kuandika siku hizo zote katika safu moja. Daftari liwe na safu mbili: siku mgonjwa alipofaa kutoka, na siku alipotoka kweli. Safu ya kwanza inampima munganga na wauguzi. Pengo kati ya hizo mbili linampima mkurugenzi, keshia na serikali. Bila safu hizo, tutaendelea kumlaumu mpasuaji kwa siku za keshia, na wakati mwingine kumsifu kwa siku fupi za mgonjwa aliyeondoka kabla ya wakati kwa sababu pesa ziliisha.

Siku fupi si sifa yenyewe. Tafiti zinaonyesha kwamba waliokaa sana ndio wanaorudi zaidi, kwa kuwa walikuwa wagonjwa zaidi tangu awali. Kumtoa mtu mapema hakumfanyi awe kama wale wazima. Marekani, tangu Oktoba 2012, bima ya serikali ya wazee hukata malipo, hadi asilimia 3, kwa hospitali ambazo wagonjwa wao wa magonjwa fulani hurudi kupita kiasi ndani ya siku 30, kama moyo, nimonia, kubadilishwa nyonga na goti. Shingo haimo. Wapo wangependa tuige adhabu ya namna hiyo. Mimi nasema hapana, kwa sababu hospitali inayoadhibiwa kwa wanaorudi hujifunza haraka kumkataa mwenye kisukari na mchimbaji aliyepooza. Halafu siku 30 ni kipimo kifupi kwa shingo yenye vyuma: maambukizi ya pingili zilizounganishwa hufuatiliwa siku 90, na mgonjwa wa Kolwezi, kilomita 300 kutoka hapa, akipata usaha wiki ya sita ataingia hospitali iliyo karibu naye na daftari la Lubumbashi litaonyesha amepona.

Nyumbani shingo inakutana na kazi. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa, zinazoshuka moja kwa moja kwenye skrubu zilizokaa kwenye mfupa ambao haujashikana. Mfupa huchukua miezi 3 hadi 6, wakati mwingine mwaka. Katika wiki sita za kwanza mkono usiinue zaidi ya kilo chache, na kichwani kusikae kitu kwa angalau miezi mitatu. Ruhusa itoke kwenye picha, isitoke kwa kujisikia vizuri. Ukimwambia mama wa mtaa wa Kenya au Ruashi, hapa mjini, “usibebe mizigo”, anaelewa magunia ya makala (mkaa). Maji kwake si mzigo, ni asubuhi. Sema neno bidoni. Sema pia nani atachota, kwa jina, kabla ya tarehe ya upasuaji. Minerva, kola ngumu ya kushikilia shingo, kwa aliyeandikiwa, ifunguliwe mara moja kwa siku akiwa amelala na kichwa kimeshikwa, ngozi ya kidevu, kisogo na mifupa ya kifua ikaguliwe na kukaushwa. Wekundu usiopotea baada ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda. Teksi-moto hapana, hata kwa kwenda kutolewa nyuzi, ambazo kwa nyuma hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14.

Ninachokidai kwa hospitali za mji huu zinazofungua shingo ni karatasi moja, ijazwe wiki nne kabla kwa asiye na dharura. Iwe na gramu za damu, sukari, alama za mikono na miguu, sekunde za mita 4, idadi ya pingili na njia itakayotumika. Upande wa pili iwe na jina la gadimaladi, mahali mgonjwa atakapolala wiki mbili za kwanza kama anatoka mbali, mtu wa maji, na mpango wa kulipa uliotiwa saini na keshia, wenye kikomo. Karatasi ikionyesha gramu 9, tarehe inasogezwa. Ikionyesha hakuna mpango wa pesa, idara ya jamii inaanza kazi siku hiyo, isianze siku ya 8 mgonjwa akiwa amevaa viatu. Na yule anayehitaji kukaa wodini siku nne apasuliwe mwanzo wa wiki, kwa kuwa kine na mpasuaji hawapatikani Jumapili.

Kisha simu mbili, siku ya 3 na siku ya 10 baada ya kutoka, zipigwe na muuguzi anayemjua mgonjwa. Maswali ni haya: Unakunywa kikombe kizima bila kukohoa? Sauti ikoje? Kidonda kimelowesha shuka au nguo? Umepata homa? Mkono unapanda begani, vidole vinafunga vifungo kama ulipotoka, au vimerudi nyuma? Miguu? Umekojoa lini? Mguu mmoja umevimba kuliko mwingine? Jibu moja baya linatosha kumwambia aje leo, na aje na gari, akiwa amekaa kiti cha mbele.